Zinazaliwa mbili mbili, sasa mbona hazilingani? Kisa cha bahari ya kwaki ku barza ya Kamalondo

Hiki kisa nakiandika chote, tangu swali lilipotoka mpaka pale tulipofika, juu najua walimu wa fizikia wengi wanasema ile sentensi niliyokuwa nasema mimi: "kwaki za bahari zinazaliwa mbili mbili, zinajifuta, usizihesabu". Kwaki ni chembe ndogo zilizo ndani ya protoni, na za bahari ni zile zinazoingia na kutoka mule ndani kila wakati. Sentensi hiyo niliisema miaka zaidi ya 10 na hakuna mtu aliyenisimamisha. Inasikika kama kweli, na nusu yake ni kweli kabisa, njo maana inakaa kichwani muda mrefu bila kuguswa.

Kila Jumamosi saa nane, siku ya posho kama wazee wa hapa Lubumbashi wanavyoiita, nakuwa na kikundi cha finalisti 6 (wanafunzi wa mwaka wa mwisho) wa matfizi, yaani hesabu na fizikia, tunakaa ku barza ya nyumba moja Kamalondo, viti vya plastiki, tablo ni mbao iliyopakwa rangi nyeusi imeegemezwa ukutani. Wanajitayarisha kwa egzeta, mtihani wa taifa. Siku ile tulikuwa kwa kiini cha atomu, na hapa Katanga ukitaja kiini cha atomu lazima mtu ataleta Shinkolobwe, uranyumu iliyotoka pale karibu na Likasi ikaenda Marekani ikaingia kwenye bomu za 1945, kila mtoto amesikia hiyo stori kwa babu yake. Tukaongea kidogo, kisha mmoja akauliza, na ndani ya protoni yenyewe kuko nini.

Haiko kwenye programu yao lakini sikuweza kukataa swali kama hilo. Nikaandika: kwaki u mbili na kwaki d moja. Uzito wa u ni karibu 2.2, wa d karibu 4.7, kwa MeV, kipimo cha nguvu ambacho wanafizikia wanakitumia pia kwa uzito wa chembe. 2.2 na 2.2 na 4.7 inafanya 9.1. Pembeni nikaandika uzito wa protoni nzima: 938.

Wote wakanyamaza wanaangalia zile namba mbili. Kijana mmoja akaonyesha bido ya njano ya lita 20 iliyokuwa imesimama mlangoni, akasema na ile maji je? Tukapiga hesabu pale pale. Molekuli moja ya maji iko na protoni 10 na nyutroni 8, ukichukua kwaki 3 tu za kila moja na uzito wake wenyewe unapata asilimia 1 na kidogo. Maana yake maji ya kilo 20, yale yanayoumiza shingo za watoto kila asubuhi, yangekuwa na gramu 200 na kitu. Kikombe kimoja cha chai. Yule aliyeyabeba siku ile alicheka kwanza halafu akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "ile ingine yote iko wapi?"

Kwa hapo nilijibu vizuri, sina majuto. Protoni ni kidogo sana, nusu-kipenyo chake ni karibu femtomita 0.84, na ndani ya nafasi hiyo kwaki zinakimbia karibu kasi ya mwanga, gluoni, chembe za nguvu inayozifunga pamoja, zinazishika, na ile nguvu yote iliyofungwa mule ndani ndiyo tunayoipima kama uzito. Wakaelewa, na fomula ya Einstein walikuwa nayo tayari. Kisha nikaongeza habari ya bahari: gluoni inaweza kupasuka ikawa kwaki na antikwaki, yaani pacha yake mwenye chaji kinyume (anti-u kwa u, anti-d kwa d), zikikutana tena zinakuwa gluoni, na hiyo kazi haikomi hata sekunde, kwa hiyo zile kwaki 3 haziko peke yake, zimezungukwa na zingine nyingi zinazoingia na kutoka. Wafaransa wanaiita bahari na sisi tumeichukua hivyo hivyo. (Mimi hilo neno silipendi sana, mwanafunzi wa Lubumbashi bahari hajaiona, anawaza maji yaliyotulia yamejaa beseni, kumbe hapa hakuna kilichotulia.)

Halafu nikasema ile sentensi. Zinazaliwa mbili mbili, zinajifuta, usizihesabu.

Kuna msichana mmoja kwenye kikundi, hasemi sana, anaandika kwa kalamu ya kijani. Akanyosha mkono. "Prof, unisamehe, iko kintu sijasikia muzuri. Kama zinajifuta, balizihesabu namna gani?"

Nilimjibu kwamba ni za virtueli tu, ni namna ya kuongea, na ku egzeta haiulizwi. Ninaandika hapa wazi kwamba jibu hilo lilikuwa baya kuliko ile sentensi yenyewe, juu sentensi ilikosea jambo moja la fizikia, lakini jibu lilimfungia mtoto mlango. Akaandika "virtueli" akapiga mstari chini yake.

Jumamosi iliyofuata alifika mbele ya wote. Alikuwa amenunua mega kwa makuta yake, ametafuta, na ku simu yake, kioo kimepasuka pembeni, kulikuwa na mchoro: nukta zimepangwa toka kushoto kwenda kulia, kila moja na mstari wake wa kosa juu na chini, na zote ziko juu ya mstari wa 1. Akasema, "Prof, huku banasema anti-d inapita anti-u, karibu tatu kwa mbili. Na weye ulisema inazaliwaka mbili mbili. Sasa tuandike gani?"

Nikamwambia anipe wiki moja. Kitu kimoja tu nilikifanya vizuri siku hiyo, sikubuni jibu.

Sasa tuchambue. Ule mchoro ulikuwa wa SeaQuest, jaribio lililofanywa kwenye maabara ya Fermilab karibu na Chicago, matokeo yake yalitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2021. Nimeusoma wiki nzima. Na njia yao ya kuhesabu inajibu swali la kwanza la msichana moja kwa moja, kwa hiyo nianze nayo.

Kama antikwaki iko kweli ndani ya protoni, lazima iweze kugongwa. Wanachukua miale ya protoni za GeV 120 (GeV moja ni MeV 1000), wanaipiga kwenye chombo cha haidrojeni ya maji maji, kisha kwenye chombo cha deuteri ya maji maji (deuteri ni haidrojeni yenye nyutroni moja juu ya protoni yake), wanabadilisha hivyo hivyo. Mara moja moja kwaki ya protoni inayokuja inakutana na antikwaki ya protoni iliyotulia kwenye chombo, zinaangamizana, na ile nguvu inatoka kama myuoni mbili, chembe kama elektroni lakini nzito zaidi, moja chanya na moja hasi. Sidney Drell na Tung-Mow Yan walieleza jambo hilo mwaka 1970 na mpaka leo linabeba majina yao. Nyuma ya vyombo kuna sumaku ya chuma kizima, urefu karibu mita 5, na takataka zote za mgongano zinafia ndani ya kile chuma, myuoni njo zinapita. Ukiona myuoni mbili zimetoka upande wa pili na ukazipima, unajua kule nyuma antikwaki moja imekufa, na unaweza kusema hata ilikuwa imebeba sehemu gani ya mwendo wa protoni yake.

Kwa hiyo hapana, hazijifuti kwa maana niliyoisema. Chaji yao inajifuta, kweli. Hesabu yao, kwaki ukitoa antikwaki, inajifuta, kweli. Lakini momentamu, ule mwendo zinaoubeba, haijifuti! Anti-d inakimbia pamoja na protoni upande ule ule na kwaki d iliyozaliwa nayo, zote mbili zinabeba, na unajumlisha, hautoi. Ukijumlisha kwaki zote na antikwaki zote unakuta zimebeba karibu nusu ya momentamu ya protoni, nusu ingine iko kwa gluoni. Na ukiangalia zile zinazobeba sehemu ndogo ndogo kabisa, bahari njo inatawala, mashine ya HERA kule Hamburg iliyogonganisha elektroni na protoni toka 1992 mpaka 2007 ilionyesha wazi kwamba ukishuka kwenye sehemu ndogo, kwaki za bahari na gluoni zinaongezeka, zinaongezeka, hazisimami. Kitu kinachojifuta hakifanyi hivyo. Neno "virtueli" ningependa tuliache kabisa kwa wanaoanza, juu wanasikia "haipo", na mwalimu naye akilitumia mara nyingi anaanza kusikia "haipo", njo yaliyonipata.

Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Sehemu iliyoninyima usingizi ni ya pili, tatu kwa mbili.

Mtu akiniambia gluoni inapasuka ikawa u na anti-u, au d na anti-d, na uzito wa u na d ni kidogo sana ukilinganisha na nguvu iliyo mule ndani, basi gluoni haina sababu ya kupendelea. Ingepaswa kutoa sawa kwa sawa. Wenyewe wakubwa wa kazi hiyo walikuwa wanachukulia hivyo. Mwaka 1967 Kurt Gottfried aliandika jumla moja inayolinganisha protoni na nyutroni, na kama bahari iko na anti-u sawa na anti-d, jibu lake lazima liwe theluthi moja, 0.333. Mwaka 1991 kikundi cha NMC pale CERN, maabara ya Geneva, waliokuwa wanapiga haidrojeni na deuteri kwa myuoni, wakatoa 0.240. Pengo ni 0.093, ukizidisha kwa 1.5 unapata 0.14. Yaani ukiweza kupiga picha protoni 100, utakuta kwa jumla anti-d zimezidi anti-u kwa 14 hivi. Mwaka 1994 jaribio la NA51, pale pale CERN, wakapima sehemu moja tu, wakakuta anti-u ni karibu nusu ya anti-d. Fermilab wakarudia kwa miale ya GeV 800 mwishoni mwa miaka ya 90, wakaona anti-d imezidi, lakini kwa zile zinazobeba sehemu kubwa ya momentamu ilionekana kama uwiano unashuka mpaka chini ya 1, jambo ambalo hakuna aliyeweza kulieleza vizuri. Ile ya 2021 ilikuja kuangalia hapo hapo, toka sehemu ya 0.13 mpaka 0.45 ya momentamu ya protoni, na haikushuka. Inabaki karibu 1.5 njia nzima. Njo zile nukta za ku simu.

Kwa hiyo mwanafunzi alikuwa na namba sahihi mkononi na sentensi ya mwalimu wake ku daftari, na hizo mbili zilikuwa zinagombana. Mimi nilijua namba haina kosa. Na nilijua kuzaliwa mbili mbili pia hakuna kosa, hiyo ni sheria, huwezi kuzaa anti-d bila d. Basi kosa liko wapi? Siku nne nilikuwa nazunguka hapo hapo.

Jibu nililipata Alhamisi, kwa meza ya kubadilisha makuta. Mama wa yule msichana ni kambisti, anakaa mjini na meza ndogo, mafurushi ya falanga yamefungwa na elastiki, mimi nilikuwa na dola 20 nataka kubadilisha. Akaishika, akaielekeza kwa jua, akapitisha kidole pembeni polepole, akakuta imepasuka milimita mbili hivi, akanirudishia. "Papa Prof, hii haipitake." Nikabaki pale natafuta noti ingine mfukoni, na macho yangu yakaanguka ku daftari lake, mistari miwili imesimama, upande mmoja madeni na upande mwingine madeni. Nikamuuliza, Mama, mbona madeni yako mara mbili? Akasema hii ni ya dola, hii ni ya falanga. Na kwa nini usiweke pamoja? Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto. "Siwezi changanya. Dola inalipwaka na dola, falanga na falanga. Ukichanganya unaanguka."

Nilisimama pale na noti yangu mbovu mkononi. Njo hiyo. Njo hiyo kabisa!

Sheria inasema kila anti-d inazaliwa na d yake, na kila anti-u inazaliwa na u yake. Haisemi popote kwamba anti-u na anti-d ziwe sawa. Hayo ni mambo mawili, na mimi kwa kusema "mbili mbili" nilikuwa nimeyashona pamoja bila kujua. Mama anaweza kuwa na madeni 14 ya falanga na madeni 3 ya dola, meza yake bado iko sawa, ilimradi kila deni la falanga lina noti yake ya falanga pale mezani.

Jumamosi nilimwomba msichana mwenyewe aongoze. Tukakata karatasi. Mtaji wa protoni ni noti 2 za dola, ndiyo u mbili, na noti 1 ya falanga, ndiyo d. Mteja anakuja, anaacha noti ya falanga, mama anamwandikia karatasi ya deni ya falanga. Sasa mezani kuna dola 2, falanga 2, na deni la falanga 1. Ukitaka kujua mtaji unatoa deni kwa noti za aina yake: dola 2, falanga 1. Haukubadilika. Wakaongeza deni lingine la falanga, wakaongeza la dola, wakachanganya vibaya vibaya mpaka meza ikajaa, na kila mara wakitoa wanarudi kwa 2 na 1. Yule kijana wa bido akafanya mara saba, alitaka kuona kama itakosa. Nikaandika ku tablo:

u kutoa anti-u ni 2.
d kutoa anti-d ni 1.

Nikawaomba watafute mstari wa kusema anti-u sawa na anti-d. Wakatafuta. Haupo.

Hapa niseme pia mahali meza ya mama inapotofautiana na protoni, juu nisingependa nifute kosa moja nipande lingine. Karatasi ya deni haina thamani yenyewe, ni alama tu. Antikwaki si alama. Iko na uzito sawa na kwaki yake, inakimbia, inabeba, ukiigonga inajibu kwa myuoni mbili. Deni hapa linaingia kwenye mzani pamoja na noti.

Nikafikiri tumemaliza, lakini mmoja akasema, sawa Prof, sheria inaruhusu zisilingane, lakini gluoni haina macho, itachagua falanga juu ya nini? Na hilo njo swali lenyewe la wanafizikia wa miaka 30 iliyopita, nilifurahi kulisikia ku barza.

Jibu la kwanza lililotolewa ni la nafasi. Kwaki hazikubali mbili za aina moja kukaa mahali pamoja pa hali moja, hiyo ni kanuni ya Pauli, na protoni iko tayari na u mbili na d moja tu, kwa hiyo d mpya inapata kiti kwa urahisi kuliko u mpya. Field na Feynman walileta wazo hilo mwaka 1977. Ni zuri lakini ukikokotoa linatoa tofauti ndogo, halitoshi kufika tatu kwa mbili.

La pili ndilo linalonishika mimi. Protoni inaweza kwa muda mfupi sana kujigeuza kuwa nyutroni na pioni chanya (pioni ni chembe ya kwaki moja na antikwaki moja), kisha pioni inarudi, protoni inakuwa protoni tena. Anthony Thomas aliandika mwaka 1983 kwamba kwa sababu hiyo anti-d lazima zizidi, miaka 8 kabla ya ile 0.240 ya CERN. Tukalifanya mezani na karatasi zetu na nilitaka kila mtu afanye kwa mkono wake. Anza na dola 2, falanga 1. Ongeza falanga na deni la falanga. Mezani kuna dola 2, falanga 2, deni 1. Sasa chukua dola moja na lile deni la falanga, zifunge na elastiki, zisogeze kwa meza ya jirani. Angalia kilichobaki kwako: dola 1, falanga 2. Hiyo ni u moja na d mbili. Hiyo ni nyutroni! Na kile kifurushi kilichoenda kwa jirani, u na anti-d, njo pioni chanya, si kingine. Kikirudi, deni linakutana na falanga yake linalipwa, uko na protoni yako kama mwanzo.

Walifanya kimya. Msichana akafunga kifurushi na elastiki ya kweli, ya mama yake, akakisogeza, akahesabu, akakirudisha, akahesabu tena.

Na kwa nini si kinyume, kifurushi cha deni la dola? Inawezekana, jaribu: ongeza dola na deni la dola, uko na dola 3, falanga 1, deni la dola 1, ukitoa falanga na deni hilo unabaki na dola 3. Hiyo ni u tatu, chembe inayoitwa delta, na uzito wake ni karibu 1232, wakati nyutroni ni 939.6 tu, karibu sawa na protoni yenyewe. Kujigeuza nyutroni ni karibu bure, kujigeuza delta ni ghali. Njia ya bei rahisi inatumika mara nyingi, na kila ikitumika kuna anti-d imezaliwa. Iko pia njia ya pioni isiyo na chaji, protoni inabaki protoni, lakini hiyo inatoa anti-u na anti-d sawa sawa, haisaidii wala haiharibu. Matokeo ya 2021 yanakubaliana na hii picha ya pioni, na yanakubaliana pia na mahesabu mengine yanayotumia takwimu tupu bila kutaja pioni, kwa hiyo nikawaambia waziwazi kwamba kesi ya kwa nini haijafungwa. Kesi ya kama zimezidi imefungwa.

Iko hesabu moja bado nataka kuiweka, juu iliwashangaza wao kuliko zote. Walijuaje ni anti-d na si anti-u, kama myuoni zinafanana? Kwa kulinganisha vyombo viwili. Nyutroni ni protoni iliyogeuzwa, anti-u ya nyutroni inalingana na anti-d ya protoni. Kwaki u iko na chaji ya theluthi mbili, na mgongano unaenda kwa mraba wa chaji, kwa hiyo u inahesabika kwa 4/9 na d kwa 1/9 tu, na tena u ni nyingi kwenye miale, kwa hiyo kinachoonekana zaidi ni anti-u. Chombo cha haidrojeni kinakuonyesha anti-u ya protoni. Cha deuteri, chenye protoni na nyutroni, kinakuonyesha anti-u ya protoni ukijumlisha na anti-u ya nyutroni, ambayo ni anti-d ya protoni. Ukigawa deuteri kwa mara mbili ya haidrojeni unapata karibu nusu ya 1 jumlisha uwiano. Kama zingelingana ungepata 1. Kama uwiano ni 1.5, unapata 1.25. Robo nzima juu, hiyo huwezi kuikosa. Wakapiga hesabu hiyo wenyewe na finalisti mmoja akasema hiyo ni kazi ya kambisti pia, kujua bei ya kitu kimoja kwa kupima vitu viwili.

Tulipokuwa tunakusanya karatasi msichana akauliza, "Prof, na kwacha?" Sikumwelewa haraka. Akaeleza: mama yake hana mtaji wa kwacha, pesa ya Zambia, hata noti moja, lakini watu wa Kasumbalesa, kule mpakani, wanapita, kwacha inaingia na inatoka mezani kila siku. Iko kwaki ya namna hiyo? Iko. Ni kwaki s. Mtaji wake ndani ya protoni ni sifuri, kwa hiyo s kutoa anti-s ni 0 kila wakati, noti na deni idadi sawa, hapo njo "mbili mbili" yangu ya zamani ingekuwa sahihi. Ni nzito kuliko u na d, inazaliwa kwa shida zaidi, na neutrino, chembe zisizo na chaji, zilizopigwa kwenye chuma zilionyesha kwamba kwaki s za bahari ni karibu nusu ya zile nyepesi za bahari.

Na ile nzito zaidi, ya c? Nikamwandikia: karibu 1270. Akaiangalia, akaangalia 938 iliyokuwa bado imebaki juu ya tablo toka mwanzo, akasema kwa sauti, noti moja inapita uzito wa meza nzima. Nikamwambia kuna watu waliotoa mwaka 2022 dalili kwamba hata hiyo imo, dalili tu, haijafika kuwa uthibitisho. Akachukua kalamu ya kijani akaandika 1270 na 938 moja juu ya nyingine, na chini ya ile "virtueli" ya wiki mbili nyuma akaandika tarehe.